Kamera Nyuma ya Kiti cha Dereva

Jumanne, 8 Oktoba
Imetangazwa: Jumatatu greda zinaingia barabara ya mlimani. Zitanyoosha kona zote. Kona zote! Barabara bila kona si barabara, ni rula. Marehemu baba alikimbiza gari pale miaka kumi na tisa, Mama kando yake, kitambaa kichwani. Hakuwahi kushinda shindano hata moja, ila hakuna dereva aliyewapungia watu mkono vizuri kama yeye.

Mama ameuliza mezani, kama mtu anayeomba chumvi, kama angeweza kuiona mara moja tu kabla haijanyooshwa. Haiwezekani. Tangu apasuliwe nyonga, daktari kamkataza barabara za mashimo. Nikasema, niachieni mimi. Dada akaweka kijiko chini. Ndivyo anavyofanya kila ninaposema niachieni mimi.

Mpango: gari la baba bado liko gereji, na kamera yake ya kaseti iko kabatini. Nyuma ya viti kuna lile bomba nene la chuma, la kuzuia paa lisitubonde gari likipinduka. Nitafunga kamera pale. Mama ataketi sebuleni, barabara itamfuata. Rahisi!

Jumatano, 9 Oktoba
Shemeji, mume wa dada, kashauri tubandike simu yake kwenye kioo cha mbele, dakika mbili kazi imekwisha. Nikamjibu kwa upole kwamba barabara ya baba haipigwi picha kwa simu. Akasema sawa, bwana mkubwa. Sikulipenda lile bwana mkubwa.

Nimefunga kamera kwenye bomba kwa mipira ya tyubu za baiskeli, mizunguko kumi na minne. Nikazunguka mtaa mzima. Picha: maji yanayochemka. Mama alitazama kidogo, akauliza mafuriko haya ni ya wapi.

Ndani ya gari bado mnanukia petroli na peremende za tangawizi. Nimekaa humo dakika ishirini bila kuwasha injini. Nilikuwa napima.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kaseti kuukuu ya jana imekatika. Nimezunguka maduka manne kutafuta nyingine. Nimepata moja, ya mwisho. Muuzaji aliipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaniuliza nimetoka gerezani lini.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kwa fundi wa kuchomelea, tunayemwita Cheche. Nimemtaka aunganishe kibao cha chuma na bomba, kamera ikae hapo bila kutikisika. Upande wa dereva, niliamuru, Mama aone alichokuwa anakiona baba. Cheche akaniambia nikae kwenye kiti kwanza ili apime. Kiti kina grisi, mimi nimevaa suruali ya ofisini. Nikamwambia hakuna haja, kijitabu cha kamera nimekisoma mara mbili. Akauliza nani ataendesha. Swali la ajabu! Mimi, nani mwingine? Akanitazama kwa muda, akashusha miwani yake myeusi, akachomelea.

Nimechungulia kwenye kamera. Usukani, kioo cha mbele, ukuta wa gereji mpaka nyufa zake. Safi kabisa! Cheche kasema hicho kibao hakitoki hata kwa dua.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimepanda mlima. Kamera imetulia kama imezaliwa pale. Kona ya kwanza, ambapo baba alimpigia mwalimu wangu honi kila mara, hata nilipokuwa nimefukuzwa shule. Kona ya nne, ambapo Mama alitapika, na baba akawaambia watazamaji kwamba injini imechemka. Kona ya saba nimelia kidogo. Vumbi.

Shemeji hakuja. Kasema anatazama mpira. Vizuri tu.

Jumapili, 13 Oktoba
Sebule imejaa. Mama amevaa hereni. Nikatoa maelezo mafupi ya kitaalamu. Nikaweka kaseti kwenye deki.

Kisogo changu.

Kisogo, masikio na shingo. Pembeni, upana wa kidole wa vumbi. Dakika arobaini! Shemeji akauliza barabara inaanzia sikio lipi. Dada alikimbilia nyuma ya pazia, pazia likawa linatetemeka.

Mama hakucheka. Alisogeza kiti hadi magoti yakagusa meza ya runinga. Akasema polepole, shingo ya baba yenu hiyo. Hata inavyoinama kabla ya kukata kona. Akaomba irudishwe mwanzo. Mara tatu! Mara ya tatu niliisikia sauti yake, ndogo, akiiambia runinga: punguza, mume wangu, punguza.

Maskini Mama. Anajikaza asinivunje moyo. Nimeumia sana. Nikasimama nikatangaza kwamba kesho alfajiri, kabla ya greda, napanda tena nikiwa nimelalia mlango, na nitarekodi juu ya kaseti hiyohiyo ili kisogo kifutike chote. Mama akaitazama deki, akavuta mkoba wake karibu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kaseti haipo! Nimepekua sebule yote. Mama alikuwa macho kabla yangu, ameketi kitandani, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba, kama mtu aliye stendi. Kasema hajaiona, yeye mambo ya mitambo hayajui. Namwamini. Ni shemeji, wivu umemjaa. Wakati wa chai nilimkazia macho. Akajifanya anapaka mkate siagi.

Saa mbili greda zimeingia.

Mama ameomba runinga na deki vihamishiwe chumbani kwake, asikilize taarifa ya habari peke yake. Deki ya nini kwenye habari, sikuuliza. Amefunga mlango. Taarifa ya leo ina mlio mwingi wa injini. Greda, bila shaka.

Nimemhurumia. Nikamwahidi kupitia mlangoni kwamba nitamrekodia barabara nyingine, ndefu zaidi, na safari hii kamera itakaa juu ya boneti. Akapaza sauti: hapana, baba, palepale nyuma ya kiti panatosha.

Hajui mambo ya kamera. Kesho naenda kwa Cheche.