Bunduki mu Shimo

Siku ya kwanza (Jumatatu), tarehe 3 mwezi wa sita.

Balimuiba Omer, jirani yetu, moto, ile pikipiki yake ya kazi! Muchana, saa sita, pembeni ya soko ya Manika, batu bote banaangalia. Bijana mbili, kisu moja. Omer alirudia kwetu Kasulo ku miguu na kiatu moja tu. Ingine alibatupia bezi. Haikubapate.

Na mi niko na moto moja. Nyekundu, pneu ya nyuma, ile mupira, ingali na meno. Kila siku nabeba batu, njo tunakula, mi na bibi yangu Mignonne. Bitumbula yake, maandazi ya kukaanga, inatuletea sabuni tu. Bakiiba hii moto, mi Dodo nakwisha.

Mangaribi tulisemezana mu lupango, ndani ya kiwanja yetu. Mama Honorine, jirani, anasema dawa ya mwizi ni sufuria. Unamuona, unapiga sufuria, avenue yote inapiga, inatoka inje, mwizi anakimbia. Nilicheka mupaka machozi. Mama, sufuria ni ya kupikia bukari, ile ugali yetu! Mi nikasema kila raia apate bunduki. Omer akasema njo vile, kama alikuwaka na bunduki leo, bale batoto bangeona! Tata Kankolongo, mwenye nyumba yetu, akamukata: kama ulikuwaka na bunduki leo, saa hii bezi beko na moto na bunduki.

Nilimukubali Omer. Kiisha nilimukubali Tata Kankolongo. Kiisha Omer akasema tena. Nikaenda kulala na kichwa inauma.

Siku ya pili, 4.

Napata! Stanislas wa Manika, ule anauzishaka bipande bya moto bya zamani, eko na pupu. Pupu ni bunduki ya kuulia banyama mu pori. Muyomba yake, marehemu, aliitengeneza na mikono yake: muti, bomba ya usukani ya camion, yote inafungwa na mupira ya pneu. Masasi, risasi yake, hakuna. Stanislas anasema masasi itafuata. Itafuata kutoka wapi, hakuseme, na mi sikuulize. Sikutaka kumuharibia roho.

Mais haiuzishe, ni ukumbusho ya famille. Anaiazimisha tu, na gage, kitu ya maana unamuachia mupaka urudishe yake. Gage gani? Akaangalia moto yangu.

Nikamupatia.

Nilirudia ku miguu na pupu ndani ya mukeka. Bamama ba parokia balinikuta ku balabala, bakauliza nabeba nini. Nikasema musalaba. Eh! Bakanisindikiza na nyimbo mupaka ku mulango. Moja alitaka kuibusu. Nikamuambia rangi haiyakauka.

Mignonne akauliza moto iko wapi. Nikamuambia iko kwa Stanislas, yulu ya bunduki ya kulinda moto. Akauliza tena polepole, kama mwalimu na mutoto wa nyuma ya darasa: na hii bunduki italinda nini? Moto! Nikamuambia asiogope, moto iko salama kabisa. Mwizi akikuya hapa, hataikuta.

Siku ya tatu, 5.

Mignonne anakatala kulala na bunduki chini ya kitanda. Anasema raia mwenye bunduki bila karatasi, polisi ikimukamata, atakula haragi ya buloko, ya gereza, mupaka meno yote inatoka. Nikamuambia haina masasi. Akasema basi batanifunga yulu ya bomba. Bunduki ni ya kuogopesha mwizi, mais mi njo naogopa!

Nikawaza: niifiche. Nilifunga bâche, ile turubai, ku dirisha, nikachimba shimo mu chumba asubui yote. Metre moja na nusu. Pupu chini, udongo kidogo yulu yake, udongo ingine mu mifuko sita, ili bajirani basiyue kitu.

Kichwa yangu, ee Mungu! Mu Kasulo! Kufunga bâche na kuchimba ndani ya nyumba, mu Kasulo! Hapa, penye batu banachimbaka madini ya cobalt chini ya bitanda byabo, hata mulevi anayua maana yake.

Saa kumi Mama Honorine akaingia na sahani ya sombe na samaki. Miaka ine tunaishi naye, hata chumvi hakutuletee. Akauliza habari ya bibi, habari yangu, kiisha, na sauti ya chini, habari ya shimo.

Siku ya ine, 6.

Avenue yote inaniita Patron. Tata Kankolongo alikuya na koti yake ya misa. Nyumba ni yake, udongo ni yake, cobalt tutagawanya. Nikaapa hakuna cobalt. Akasema bote banaapaka vile. Akauliza: kama haina cobalt, basi unachimba nini?

Nikisema bunduki, buloko. Nikisema cobalt, anakamata nusu ya udongo. Nikasema: cobalt, Tata. Kidogo tu.

Akanikumbatia. Tata Kankolongo! Koti inanuka naftalini.

Mangaribi nilikaa yulu ya mifuko, nikashika udongo, nikaiangalia muzuri. Nikaanza kuwaza: na kama iko kweli?

Siku ya tano, 7.

Tata Kankolongo anaamua. Siku ya kwanza, tarehe 10, négociant, munuzi wa cobalt, atakuya na Metorex, ile mashini inasomaka udongo na kusema madini iko kiasi gani. Mupaka ile siku, mutu asiguse shimo. Alipigilia mbao sita yulu yake, yee mwenyewe, anaimba. Mi nilimushikia misumari.

Sasa bunduki haiwezi kuibiwa. Haiwezi kutoka pia.

Omer alikuya mbio. Anasema mu Manika yote banasema Dodo eko na mifuko sita ya cobalt mu chumba. Bale bijana ba kisu alibaona mbali, banauliza avenue yetu. Nikauliza yulu ya nini hakubakamate. Anasema bunduki hana.

Siku ya posho (Jumamosi), 8.

Nachunga mifuko. Mignonne anauliza nachunga udongo yulu ya nani. Yulu ya bezi. Nitabafukuza na nini? Na bunduki. Iko wapi? Chini ya mbao.

Akaweka bukari yulu ya mbao, tukakula.

Siku ya Mungu, 9.

Balikuya!!

Saa tatu asubui, batu banavaa nguo ya misa. Mignonne inje, anakaanga bitumbula. Mi mu chumba. Bijana mbili, kisu moja. Banasema na heshima: Patron, mifuko.

Nikaruka yulu ya mbao. Nikavuta musumari na vidole, nikavuta na meno. Haitoke. Nikabaambia bangoye kidogo, bunduki yangu iko chini. Bakaangaliana. Wa kisu akauliza kama ni bunduki ya kweli. Nikamuambia ya kweli kabisa, we unaniona mi mutu wa mchezo? Akachutama pembeni yangu, akatosha misumari na kisu yake. Moja, mbili, tatu, anafanya bien. Kijana wa kazi, siwezi kumukatalia. Akaingia mu shimo. Nikamuambia aksanti.

Akatoka na pupu. Akanilenga.

Haina masasi. Mi nayua haina masasi. Mikono yangu haikuyue: ikapanda yulu yenyewe. Nikapiga magoti, nikamulomba asiniue, niko na bibi, niko na moto kwa Stanislas. Yee pia aligeuza uso pembeni, kama inaweza kumupasukia. Pupu inamuogopesha yee, inaniogopesha mi, na yenyewe bomba tu!

Njo pale: pa! pa! pa! Mignonne ku mulango, sufuria mu mukono moja, mwiko mu ingine. Mama Honorine akajibu. Omer akajibu. Tata Kankolongo na kifuniko ya pipa. Avenue yote! Kelele kama mvua ya mawe yulu ya mabati. Bijana bakapita ku dirisha, bakapasua bâche, mifuko bakaacha.

Bunduki bakaenda nayo.

Nilikuwa ningali ku magoti. Omer akauliza ni bunduki gani ile balikimbia nayo. Tata Kankolongo akaangalia shimo, akaniangalia, akatosha koti.

Siku ya kwanza tena (Jumatatu), 10.

Metorex ilisoma mifuko sita. Négociant akaipiga kofi, akasoma tena. Udongo. Tata Kankolongo anasema nifukie shimo mu siku mbili, ao atanifukia ndani yake. Mama Honorine alikuya kulomba sahani yake.

Nilienda kwa Stanislas kukamata moto. Anasema: leta bunduki. Bunduki iko na bezi. Basi moto iko na yee. Alikuwa anakaa yulu yake wakati anasema vile. Ananisifia pneu ya nyuma.

Nikawaza njia yote. Batu bote banasema sufuria njo ilituokoa. Kweli. Na Tata Kankolongo alisema bezi batakuwa na bunduki. Kweli pia. Mais sufuria haiwezi kurudisha moto! Moto inalomba pupu, pupu iko na bezi, na sasa bezi beko na pupu, mutu atabaendea mikono mitupu? Nikarudia kwa Stanislas. Eko na ingine, ya kifupi. Masasi itafuata. Gage tu. Na ku nyumba kwangu kulikuwa kunabakia kitu moja ya maana: nzito, ya aluminium, inaliaka muzuri ukiipiga na mwiko.

Niko mu chumba. Ya kifupi iko mu mukeka, shimo haiyafukiwa, ni bahati. Nilishafunga bâche ya mupya ku dirisha.

Mignonne anasimama ku mulango na unga ya bukari mu kibakuli. Maji iko, makala inawaka. Anauliza sufuria iko wapi.

Nikamuambia asiogope. Iko salama kabisa.