Mheshimiwa Hapandi Lori

Jumatatu, 3 Machi
Farasi wetu, Mheshimiwa, anaogopa lori. Mwalimu wa shule ya kupanda farasi anamtaka akabebe watoto. Kazi nyepesi, zizi safi. Sharti: Jumamosi apande lori bila kuchapwa. Akishindwa, shemeji, kaka wa mke wangu, anamchukua akavute matofali. Shemeji na kiboko chake ni chanda na pete. Nimetangaza mbele ya wote kuwa nitamfundisha kwa karoti tupu. Shemeji kauliza kama nitamfunga na kitambaa shingoni asijimwagie mchuzi. Acheke. Kitabu cha mafunzo nimekisoma chote, isipokuwa sura ya pili, iliyonichosha.

Jumanne, 4 Machi
Mheshimiwa kafika kwenye ubao wa kupandia lori nililoazima, kanusa, karudi nyuma hatua tatu. Maskini, hofu. Nikampa karoti atulie. Kasogea tena, karudi hatua sita. Karoti nyingine. Kufika saa sita ndoo ilikuwa tupu, na farasi yumo uani kwa jirani, kaingia kinyumenyume hadi kwenye kamba ya nguo. Jirani akataka kujua shuka zake zimemkosea nini.

Jumatano, 5 Machi
Leo karudi nyuma kabla hata ya kuliona lori. Si bure. Pana mkono wa mtu. Jana shemeji alipita hapa, mifuko imetuna. Nimekagua zizi, nikakuta kipande cha tufaha. Mke wangu anasema ni chake, alikuwa anakula huku akijaza maji. Atasema nini tena? Damu nzito kuliko maji.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari wa mifugo kaja kutazama kwato, kabaki kutazama mafunzo. Akaniuliza, mzee, karoti unampa akifanya nini? Akiogopa, nikasema. Akasema basi namlipa kwa kurudi nyuma, na farasi ni mfanyakazi hodari. Nimpe papo hapo akisogeza mguu mbele. Akirudi nyuma, nisimpe kitu, ningoje. Eti yameandikwa sura ya pili. Sura ya pili! Kajuaje kuwa ndiyo niliyoiruka? Nimepeleleza: yeye na shemeji walisoma darasa moja. Lao moja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejificha kwenye majani makavu tangu alfajiri, nimvizie shemeji. Kaja saa nne, akayasalimu majani: shemeji, hujambo humo? Miguu yangu ilikuwa nje. Akasema kiboko amekipaka mafuta, kiko tayari. Mheshimiwa alisikia sauti yake, masikio yakalala. Ana kovu begani, la bwana wake wa kwanza.

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi
Mwalimu kaja na lori. Shemeji kaja na kiboko. Mheshimiwa kuliona lori tu, akaanza kurudi nyuma. Shemeji akanyoosha mkono apokee kamba. Mke wangu akamwahi. Akamgeuza farasi, matako yakaelekea ubaoni, akamwambia, haya baba, fanya ulivyofundishwa. Hatua moja, ya pili, ya tano, huyo ndani, kama gari linaloegeshwa. Mwalimu akasema sharti lilikuwa apande. Hakutaja aanze na upande gani. Shemeji akaondoka bila kuaga. Nilijua njia yangu ni sahihi. Ila mke wangu kajuaje la kufanya? Bila shaka wanazungumza na daktari nisipokuwepo.

Jioni
Mwalimu kapiga simu. Lori limefika shuleni, farasi hashuki. Nimekwenda mbio. Nikimvuta, anarudi nyuma mpaka anagusa ukuta wa mwisho, kisha ananitazama. Mwalimu anasema nimwache atulie, atashuka mwenyewe. Mbona ana haraka ya kuniondoa? Farasi wa hapa nao wanamtazama vibaya, wamemtia hofu. Nimepanda lorini, nikampa karoti. Karudi nyuma tena, mkia umebanana na mbao. Nimempa ya pili.