Kikombe cha Sita

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Binti yangu anataka baiskeli. Ana miaka sita na kumbukumbu ya mdai. Nimemwambia hatuna pesa. Akauliza ziko wapi. Nikasema zimetumika. Akauliza nani kazitumia. Mke wangu, anayefua mashuka ya hospitali na hamung'unyi maneno, akasema hata yeye angependa kujua.

Nina sababu ya kulichukia swali hilo. Ijumaa mke wangu alinikabidhi kodi ya nyumba nimpelekee mama mwenye nyumba, anayekaa chini yetu. Kabla ya kushuka nikachungulia dirishani. Mawingu! Dalili ya mvua ni mawingu. Nikapita mlango wa mama mwenye nyumba kwa kunyata, nikaenda duka la jumla, nikanunua miavuli arobaini. Ningeiuza ikinyesha, nilipe kodi, nibaki na faida.

Miavuli iko kibandani kwangu, chini ya meza ya kukatia nguo. Mawingu yalikwenda kunyesha kwa watu wengine. Bahati pekee ni kwamba mama mwenye nyumba alisafiri Jumamosi. Anarudi Alhamisi.

Jumanne, tarehe 3

Nimepata dawa ya maswali. Nitamfundisha mtoto matumizi ya nyumba mpaka achoke mwenyewe. Nimepanga vikombe vitano vya plastiki mezani: kodi, chakula, maji, umeme, shule. Nimeleta vifungo vya mashati kutoka kibandani. Kifungo kimoja ni jasho la siku moja.

Hakuchoka. Aliuliza mama mwenye nyumba halali kwetu, sasa tunamlipa kwa nini. Nilieleza mpaka nikajipoteza mwenyewe. Aliuliza kama umeme unalipwa hata tukiwa tumelala. Kisha akakishika kikombe cha kodi, akaniangalia. Mwezi uliopita majirani wa chumba cha mwisho walitolewa, godoro lao likashinda kwenye ngazi. Rafiki yake ndiye aliyekuwa amelikalia.

Nikakijaza kikombe mpaka juu. Akashusha pumzi, akasema basi sisi hatufukuzwi. Kwa dakika tano nilijiona baba wa maana.

Jumatano, tarehe 4

Jua kali. Nimejaribu kuuza miavuli kama vivuli vya kutembea navyo. Nimeuza miwili. Mmoja umerudishwa kwa kuwa haufungiki. Mteja aliingia nao umefunguka, akakwama mlangoni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza vifuniko vya simu ng'ambo ya barabara. Alivuka makusudi kuniuliza kama natarajia gharika.

Huyo ndiye anayeniharibia mtoto. Kila akija nyumbani anampa mpwa wake sarafu, naye anaziweka kwenye kopo la sabuni kwa ajili ya baiskeli.

Mtoto sasa amekuwa mkaguzi. Mama yake alinunua sukari, kifungo kikatolewa. Akaniuliza chai ninayokunywa mkahawani inatoka kikombe gani. Leo nimeinywa nimejificha nyuma ya mlango wa kibanda. Ilikuwa ya moto, nimeungua ulimi.

Alhamisi, tarehe 5

Nimekwisha.

Mama mwenye nyumba hakuwa hata ametua begi. Binti yangu alishuka mbio kumwambia kikombe chake kimejaa, baba kakijaza mwenyewe, aje achukue. Akapanda kwetu anatabasamu, stakabadhi ameshaiandika. Mke wangu akashangaa, akasema si ulilipwa Ijumaa. Mtoto akaleta kikombe, akampa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Mama mwenye nyumba alivitazama vile vifungo. Akaniuliza kwa upole kama mwezi huu ninalipa kwa mashati. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na ngazi kumi na nne tu. Nikaungama yote, miavuli na mawingu yake. Kanipa mpaka Jumamosi mchana.

Mke wangu hakugomba. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Afadhali angenitukana. Mtoto akauliza kama godoro letu litaenea kwenye ngazi, maana ni kubwa kuliko la kina rafiki yake. Nikaingia bafuni kulia, nikafungua bomba wasinisikie. Halafu nikakumbuka kikombe cha maji, nikalifunga, nikalia kimyakimya.

Ijumaa, tarehe 6

Nimempigia shemeji magoti. Amekubali kununua miavuli yote thelathini na tisa kwa nusu ya bei, pamoja na ule usiofungika. Akanihubiria kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaitikia kila neno. Mke wangu ameomba sehemu ya mshahara mapema. Tukahesabu. Bado pengo.

Binti yangu akaleta kopo la sabuni, akamwaga sarafu zote mezani. Pengo likazibika, zikabaki sarafu tatu. Alisema baiskeli inaweza kusubiri, godoro haliwezi. Sijawahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe. Nimeapa mbele yao wote wawili: biashara za mawinguni basi.

Jumamosi, tarehe 7

Saa nne nimelipa. Mama mwenye nyumba alihesabu mara mbili. Stakabadhi akampa mtoto, si mimi.

Saa tano ikanyesha. Mvua ya kuziba mitaro! Hadi saa saba shemeji alikuwa amemaliza miavuli yote, kwa bei mara mbili ya ile niliyonunulia. Hata ule usiofungika ameuza, eti ni wa kudumu. Nilikuwa nimejibanza kwenye baraza lake. Akasema pole, angeniwekea mmoja kwa bei ya ndugu. Nimefika nyumbani nimelowa mpaka kwenye soksi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumapili, tarehe 8

Mvua bado. Binti yangu amepanga vikombe upya, na safari hii ni sita. Nikauliza cha sita ni cha nini. Akanieleza taratibu, kama ninavyomweleza yeye, kwamba ni cha siku baba akikosea. Mama mwenye nyumba kamwambia mwenye akili huweka akiba ya jambo ambalo lazima litatokea. Akatia vifungo sita. Chakula kina vitano. Mke wangu hakucheka. Alikitazama, akaongeza cha saba.

Iliniuma. Nimekaa mbele ya kikombe hicho asubuhi nzima, mtoto anachora baiskeli pembeni yangu. Kila nikikitazama nataka kulia.

Lakini ukifikiri vizuri, hii ni mara ya kwanza nyumba hii kunitengea mtaji. Vifungo saba si haba. Na mvua hainyeshi milele, ikikatika litawaka jua la kupasua mawe. Kwa mvua hii, kofia za jua duka la jumla hazina mnunuzi. Kesho nitapita tu kuuliza bei.