Namna ya Kumpita Wachira Mlimani

Jumanne, 12 Agosti

Nimejiponza. Mdomo huu!

Leo kikao cha klabu yetu ya baiskeli, katika hoteli ya orofani River Road, jirani na duka langu la mabomba na mifereji. Chai, mandazi, kelele. Ajenda ni safari ya Magadi. Ijumaa tunateremka kutoka jijini hadi ziwani. Jumamosi ndiyo siku ya mlima: kupanda kutoka kwenye lile joto hadi Kona Baridi, begani mwa Ngong. Jumapili tunaingia Nairobi kwa mapozi. Gari la msaada litabeba maji, ndizi na watakaozimia. Dereva wake ni Kavindu, mke wangu. Alijitolea mwenyewe. Alisema anataka kuona kwa macho yake ninachofanya kila Jumamosi.

Kisha akasimama Wachira. Daktari wa meno, mkazi wa Spring Valley, kapteni wetu tangu klabu ianzishwe. Baiskeli yake unainua kwa kidole. Miguu ananyoa! Akasema ukapteni si urithi. Atakayetangulia kufika Kona Baridi ndiye atakayetuongoza, na yeye ataupigania kama wengine. Makofi. Halafu akatania kwamba mlima hauogopi tumbo, tumbo ndilo huogopa mlima.

Wengine walitabasamu tu. Kavindu alicheka mpaka akashika meza.

Nikasimama nikatangaza kwamba nitampita Wachira mlimani na kumngoja juu nikinywa chai. Nilitazama nyuma kuona nani amesema hivyo. Ukuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Mazoezi. Nilitoka dukani asubuhi, nikapanda kutoka Westlands kuelekea Spring Valley. Lengo: kuchunguza vilima anavyofanyia adui mazoezi. Vilima ni vya kweli! Nilishuka, nikasukuma baiskeli.

Akanipita Peres. Huyu ni mwenzetu klabuni, karani katika ofisi ya serikali, mama wa makamo, huenda kazini kwa baiskeli yenye kikapu mbele. Akapunguza mwendo, akauliza, “Sasa, Muasya? Kuna shida?” Nikamwambia naangalia upepo wa gurudumu. Akasema pole, akaendelea kupanda, anaimba wimbo wa kanisani. Anaimba! Mlimani!

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nikawaza. Miguu yangu haiwezi kuboreka kwa siku mbili. Ya Wachira inaweza kuharibika. Hapo akili ikawaka.

Nimerudi dukani nikachagua mifereji mitatu ya shaba ya kufungulia maji, ile minene. Ukiidondosha inavunja kigae. Itasafiri chini ya mkoba wa Wachira. Na abebe!

Ijumaa, 15 Agosti

Mteremko mtupu. Nimekuwa shujaa siku nzima. Nilimpita Wachira mara mbili, na mara zote mbili nilihakikisha Kavindu ameona. Mara ya pili alipiga honi. Baadaye akaeleza kwamba nilikuwa katikati ya barabara.

Magadi ni tanuri. Jioni, Wachira alipokwenda kuoga, nilijipenyeza nikaitumbukiza mifereji chini kabisa ya mkoba wake, chini ya soksi. Soksi zake zimekunjwa mbili mbili. Mtu wa namna hii hafai kuongoza watu.

Nimelala nikitabasamu.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike polepole. Mkono unauma.

Asubuhi, kabla hata hatujaondoka, Wachira alifungua mkoba kutafuta mafuta ya kujipaka juani. Akatoa mfereji wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Nikatazama ziwa.

Akanijia na macho yenye machozi. Akasema aliwahi kunitajia kwamba mifereji ya jikoni kwake inavuja, lakini hakudhani kama nilisikia. Akanikumbatia mbele ya watu. “Ndugu yangu Muasya, wewe una moyo.” Kavindu akanitazama kwa fahari. Sijatazamwa hivyo tangu harusi! Ningesema nini? Nikasema karibu. Mifereji ikapakiwa kwenye gari la msaada, ikapanda mlima imelala juu ya mto wa kulalia.

Mimi nilipanda juani. Barabara ile haina huruma. Unamaliza kona, unakuta kona nyingine imekaa inakungoja. Wachira alipotea mbele kama moshi. Peres naye akapotea, wimbo ukabaki hewani. Nikawa wa mwisho. Kavindu akaja sambamba nami, akateremsha kioo, akaniuliza kama nataka kupanda gari. Nikamwambia hii ni mbinu yangu, natunza nguvu. Nikamhimiza atangulie Kona Baridi akapulize kipenga mshindi akifika. Akasema sawa, akanipa ndizi, akaenda.

Ndipo likaja lori la mbuzi.

Lilikuwa linapanda taratibu, linanguruma, kamba inaning'inia nyuma. Sikuiomba ile kamba. Ilikuja yenyewe mkononi. Raha iliyoje! Upepo usoni! Baada ya muda mkono ulichoka, nikaifunga kamba kwenye usukani. Mpango: kabla ya kona ya mwisho nafungua, najimwagia maji yafanane na jasho, naibuka nikihema.

Pale kwenye kituo kidogo cha Oltepesi, njiani, wenzangu wote walikuwa wamesimama kivulini wanakunywa maji. Nikainama upande wa pili wa lori, nikapita. Hakuna aliyeniona. Niliona tu kisogo cha Wachira. Kisogo kizuri, kisichojua lolote. Nilicheka peke yangu kilomita nzima.

Tulipokaribia juu, ukungu, baridi. Nikashika fundo. Fundo limekaza kama jiwe. Nikavuta. Likakaza zaidi. Nikapiga kelele kumwita dereva. Mbuzi ndio walioitika. Beberu mmoja akatoa kichwa kati ya mbao, akashika mkono wa jezi yangu kwa meno, akaanza kuula bila haraka, ananitazama machoni.

Hivyo ndivyo nilivyofika Kona Baridi. Wa kwanza! Kavindu alikuwa amesimama kando ya barabara, kipenga mdomoni. Kipenga kikaanguka.

“Baba Kiilu! Unaenda wapi?”

“Sijui!”

Lori likavuka kilele, likaanza kuteremka Kiserian. Kupanda lilikuwa konokono, kuteremka likawa duma. Nilifumba macho, nikaahidi Mungu mambo mengi. Siyaandiki hapa.

Lilisimama kwenye lango la machinjio. Mlinzi alihesabu mbuzi, akanifikia mimi, akasita. Akamuuliza dereva kama na huyu ni wake. Dereva akaapa hajawahi kuniona. Kwa mara ya kwanza leo, mtu akasema ukweli.

Jumapili, 17 Agosti

Tumeingia Nairobi. Tumezunguka katikati ya jiji kwa kengele, kisha chakula cha mchana kwa Wachira, Spring Valley. Kapteni mpya ametangazwa.

Ni Peres.

Ilikuwa hivi. Pale Oltepesi Wachira aliwahesabu watu, akaona mimi sipo. Akajua nimeanguka nyuma. Akageuza baiskeli, akateremka ule mlima wote akinitafuta mitaroni, akiniita jina. Akapanda tena. Akashuka tena! Wengine wakamsaidia kutafuta. Peres aliambiwa atangulie kumpasha habari Kavindu, basi akatangulia, akafika. Wachira alifika wa mwisho, sauti imekauka. Aliposikia niko Kiserian mzima, alikaa chini akashukuru Mungu.

Hakuniuliza neno. Alinipakulia nyama kwanza. Kisha akanionyesha jikoni, tayari ameshamwita fundi. Mifereji inang'aa. Haivuji hata tone.

Ninamchukia vibaya sana.

Kavindu aliniita nje, uani. Nikajua sasa natukanwa. Akasema Jumanne ile hakucheka utani wa Wachira. Alicheka kwa sababu Wachira aliposema tumbo, mimi nililivuta la kwangu ndani, nikalishikilia mpaka nikawa mwekundu machoni. “Mlima ungeupanda kwa miguu, Baba Kiilu, ningekungoja hata jua likizama. Nilikuwa nimekuwekea chai kwenye chupa.”

Tulisimama pale tukitazama maua ya watu. Nikamwahidi: mwisho wa ujinga. Akaniambia vizuri. Akashona mkono wa jezi pale pale, kwa uzi alioomba ndani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekuwa mtu mpya. Nimetafakari dukani tangu asubuhi, kwa unyenyekevu, makosa yangu nikayatazama usoni.

Kosa ni moja tu. Mbuzi. Mzigo wowote wenye meno haufai.

Kapteni Peres ametangaza safari ijayo: Kinangop. Milima zaidi! Kavindu ameniuliza kama nitaanza mazoezi. Nimemwambia nimeshaanza, na si uongo. Mchana wote nimekuwa kwenye simu, nikiwauliza wenye malori kwa adabu nani anapeleka saruji upande ule, saa ngapi, na kama huwa wanaacha kamba nyuma.

Mmoja anazo mbili. Nimefikiria kumwalika Wachira. Yule mtu ana moyo mzuri, na kamba ya pili nitamfungia mimi, kwa lile fundo lisilofunguka.