Vikwembe kwa Njia ya Foni

Jumatatu, 2 Oktoba 2000
Mgongo wangu umechoka na magunia ya watu. Barabara ya kwetu Shabunda imefungwa na vita. Kurudi ni kwa ndege ndogo tu. Nataka pesa ya kiti kabla ya Noeli. Maman Séraphine, mwenye nyumba yangu, amenipa furushi la vikwembe, vitenge vipya vya wanawake, nimuuzie, faida tugawane. Papa Adalbert, muuza vikwembe wa soko la Kadutu hapa mjini, akaniambia nichukue nusu ya meza yake. Nimekataa. Meza ni mambo ya zamani. Mimi nitauza kwa foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Shabunda yote itanisikia, wala sitanyeshewa.

Jumatano, 4 Oktoba
Nyumba ya foni ilijaa wakimbizi wa kwetu wakingoja zamu. Donatien, mwenye mashine, alimpata mke wangu Eulalie kule Shabunda, na majirani nyuma yake. Wakauliza rangi. Rangi inaelezwaje kwa redio? Nikasema hiki ni chekundu kama mawese ya mama, ya chungu cha kwanza. Hiki ni kama mto Ulindi baada ya mvua, pale tulipoloweka mihogo. Mzee mmoja akavua kofia. Eulalie akasema anasikia moshi wa jiko letu, à vous, yaani zamu yangu kuongea. Wote wanataka. Nimeshinda.

Alhamisi, 5 Oktoba
Wale waliokuwa wakingoja zamu walinifuata, waguse vikwembe, wanunue. Nikawaeleza kwamba bidhaa ya foni haiuzwi kwa mkono. Wakaenda kwa Adalbert. Meza yake imezingirwa, kila mtu anadai cha Ulindi. Adalbert hajawahi kuona Ulindi. Anawapa cha kijani. Mto wetu ukinyeshewa ni kahawia, kila mtoto anajua. Wamenunua hata hivyo, mmoja huku akilia.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nilibeba furushi hadi uwanja wa ndege, niwatumie wa Shabunda. Ndege imejaa askari, wakasema nirudi mwezi ujao. Njiani mvua. Rangi zote zimeingiliana. Sasa kila kikwembe ni cha Ulindi kweli. Maman Séraphine alivianika kimoja kimoja kwa upole. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 8 Oktoba
Baada ya misa nilimweleza Eulalie kwa foni. Alicheka mpaka Donatien naye akacheka. Akasema: Papa Glody, ule tonton Adalbert iko na meza, wewe uko na mudomo. Kaa pale uongee, Noeli ikukute kwetu. Mimi sitaki kikwembe, nataka weye. À vous. Watu wote walinitazama. Nikajibu kwamba hewa ni mbaya, simsikii.

Jumatatu, 9 Oktoba
Adalbert alikuja mwenyewe, na kiti mkononi. Eti mimi niongee, yeye auze, na vikwembe vya Ulindi tutavimaliza pamoja. Nikamshukuru, nikakataa. Kosa halikuwa la foni, lilikuwa la rangi. Kwa hiyo sasa nitauza viatu. Kiatu hakihitaji maelezo, kinahitaji kipimo tu. Nitatafuta wa kuniamini na viatu vyake. Watu wa Shabunda watapima miguu kwa kamba, wanitajie. Mguu wa Eulalie hauna haja ya kupimwa. Bado nauona kwenye tope la njia ya mtoni, kidole kikubwa kikitazama pembeni.