Chupa Yenu ya Jumanne Imevunja Jengo Letu

Kwa Mkurugenzi,
Maabara ya Maji Taka.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Natumaini u mzima. Sisi huku tulikuwa wazima mpaka ulipotuarifu vinginevyo.

Mimi ni fundi cherehani, na ndiye mwenyekiti wa wapangaji wa jengo la kijani la ghorofa tatu. Nashonea dirishani, chumba cha chini, na dirisha linatazama chemba ya maji taka ya jengo zima. Kwa hiyo ninayokuandikia sikusimuliwa, nimeyaona.

Kila Jumanne asubuhi huja binti mmoja kutoka kwako, amevaa glavu hadi viwikoni. Hufunua chemba, akatumbukiza chupa kwa kamba, akaiziba, akailaza kwenye sanduku la barafu kama samaki wa kupeleka mbali. Wiki tatu zilizopita alibandika karatasi mlangoni: katika maji yetu kumeonekana aina mpya ya kirusi cha mafua makali, na mwenye homa au kikohozi aende zahanati mapema. Tangu siku hiyo hatujakaa kwa amani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatukuombwa ruhusa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hawakusema aijuaye maabara. Kwangu tunaishi watu saba katika vyumba viwili. Faragha iliyobaki ni ile ya kuvuta maji na kusahau, na hiyo nayo mmeitia kwenye chupa.

2. Nilimuuliza binti, kwa adabu, hicho kirusi ni cha nani. Akanijibu kwa adabu zaidi: "Baba, hatuwezi kujua. Yote yameshachanganyika." Mheshimiwa, jibu hilo liliniuma kuliko mafua. Ghorofa ya juu anakaa mwalimu mstaafu ambaye hatujasalimiana naye miaka minne, tangu tugombee kamba ya kuanikia nguo. Leo naambiwa mimi na yeye tumo chupa moja!

3. Karatasi imetufanya wapelelezi. Watu wanahesabu nani kavuta maji mara ngapi. Mwalimu akisafisha koo tu, milango inafungwa mpaka chini. Bibi harusi aliyeniletea gauni nilipunguze kiuno alikuja mbio akalichukua likiwa bado na pini, na nasikia aliolewa nazo.

4. Kwa kuwa serikali haikutusaidia, kamati ya jengo, yaani mimi na mama watoto, ilichukua hatua. Niliagiza kila mwenye kikohozi akajisaidie jengo la kijivu, hapo jirani, kwa kisingizio cha kwenda kujulia hali. Mwalimu aligoma, alisema mtu mzima hahamishwi choo. Wengine walitii. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na alikuwa akikohoa kama anayegonga mlango, nilimsindikiza mwenyewe mara tatu kwa siku, nimemshika mkono. Jumanne iliyofuata maji yetu yalitoka safi, na karatasi ikahamia mlango wa jengo la kijivu. Nilitegemea pongezi. Binti wenu alinitazama sana, kisha akasema, "Kumbe siku hizi virusi vinasindikizwa."

5. Jengo la kijivu wamegundua, na wamelipiza. Sasa wanakuja wao, na watoto wao, na wageni wao. Jana nilimkuta mwenyekiti wao ameketi sebuleni kwangu akingoja zamu, anasoma gazeti langu, na ukurasa wa michezo amekwenda nao.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mwondoe chupa mtaani, ama kila choo kichimbiwe chemba yake, kila kirusi kiandikwe jina la mwenyewe, na sisi wa jengo la kijani tupewe cheti cha uzima chenye muhuri.

Uwasalimie wafanyakazi wote wa maabara, hasa wale wa kufungua chupa. Mama watoto anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Mwalimu hakukusalimu, lakini hakukataa.

Ni mimi, niliyemo humo kwa kuchanganywa,

Fundi,
Mwenyekiti wa Wapangaji, Jengo la Kijani.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mama mkwe alianza kuhema kwa shida. Nikasema tungoje, ni uchovu wa kutembea. Mwalimu akashuka ghorofa zote tatu, ameshika ile karatasi yenu ambayo kumbe aliihifadhi, akanisomea mbele ya mke wangu. Neno "mapema" alilisoma mara mbili, kama anayesahihisha daftari. Tukambeba mama, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Zahanati walimwekea oksijeni. Daktari alisema tungengoja siku mbili zaidi, tungekuwa tunaulizana mambo mengine. Leo amekaa, amekunywa uji, na amenigombeza mbele ya wauguzi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi namba moja hadi tano uzifute. Barua naituma tu kwa kuwa stempu imeshaganda. Mfuniko wa chemba ulikuwa ukimsumbua binti kwa kutu. Nimeutia mafuta ya cherehani, sasa unafunguka kwa mkono mmoja. Aje Jumanne, na akipata nafasi aje na Ijumaa. Mwalimu ataishika kamba.