Kadi Iliyonikana Stesheni Mbele ya Mke Wangu

Kwa Meneja wa Tawi,
Benki ya pale kona, yenye milango miwili na unaofunguka mmoja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KADI YENU YA DHAHABU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umetulia kwenye kile kiti chako kinachozunguka. Mimi si mzima sana, ila namshukuru Mungu. Ni mimi dalali wa mnada, yule ambaye ninyi wenyewe mlimwita awauzie meza na viti vyenu vya zamani, nami nikauza vyote, hata feni lililokuwa halizunguki. Nakukumbusha kwa sababu nimegundua kwamba benki yenu ni nyepesi kusahau sura za watu.

Utakumbuka siku uliponikabidhi kadi ya mkopo. Ulisimama, ukaniamkia kwa adabu zote, ukasema, "Mzee, ukiwa na hii, dunia nzima ni sebule yako." Basi nimekwenda kuitembelea hiyo sebule, Ndugu Meneja, na nimerudi. Sasa keti unisikilize.

Binti yangu wa pekee alikuwa anaolewa huko ughaibuni, anakofanya kazi ya kupima watu macho. Ndoa yenyewe ilikuwa ya ofisini, haina makuu: msajili, bwana, bibi, na shahidi kwa kila upande. Upande wake aliniomba nisimame mimi. Hakumwomba mjomba wake wala shoga yake wa chuo. Nilishonesha suti. Nilifanya mazoezi ya sahihi yangu mpaka mkono ukaota sugu. Tukapanda ndege mimi na mama yake, tukatua salama, na kilichobaki kati yetu na mtoto wetu ilikuwa safari moja tu ya treni. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kuhusu mashine. Stesheni ile haina karani wa tiketi. Dirisha lipo, na nyuma yake yupo mwanamume mzima mwenye kofia ya shirika, lakini kazi yake ni kukuonyesha kwa kidole mahali mashine zilipo. Nauliza: kidole kimoja kinalipwa mshahara na pensheni? Mashine yenyewe ni kabati la chuma, refu kama mlango, halina jicho wala sikio. Mimi nimelea familia kwa kumtazama mtu usoni nikajua kama ana nia ya kununua au amekuja kukimbia jua. Ukilitazama kabati lile unaiona sura yako mwenyewe kwenye kioo, inatiririka jasho.

2. Kuhusu kadi. Niliiingiza. Kabati likaimeza, likatafakari, likaitema. Nikaifuta kwa leso, nikaiingiza tena. Likaitema. Nikaigeuza juu chini, nyuma mbele, hata kwa ule upande usioingia. Kila ilipotoka, kabati lilitoa mlio mwembamba kama mtu anayefyonya. Na nyuma yangu foleni ikazidi kurefuka, watu wastaarabu na mabegi yao, hakuna anayesema neno. Ndugu Meneja, hakuna tusi linalouma kama ukimya wa foleni. Kwetu mtu angeshasema, "Mzee, hebu tupishe basi!" nami ningemrudishia lake, tukawa tumemalizana.

3. Kuhusu kushukiwa. Maandishi yakatokea kwenye kioo. Mama watoto, ambaye lugha ya wale watu anaipapasapapasa, akasoma, akanigeukia: "Wanasema benki yako imekataa." Umesikia? Kabati halikuwa na ugomvi nami. Ni ninyi. Mnanijua tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, halafu nikiomba tiketi za treni, daraja la kawaida, mnaniona mwizi. Hebu nifafanulie, maana ninyi ndio mliosomea fedha: ni mwizi gani aibaye kadi ya dhahabu ili aende kwenye ndoa ya ofisini, na mke wake, na suti ya kushonesha, na kisanduku cha vyombo vya zawadi kwapani?

4. Kuhusu huduma yenu kwa wateja. Nilipiga namba iliyo nyuma ya kadi. Nikapigiwa muziki, nikaambiwa kwamba simu yangu ni muhimu, nikapigiwa muziki tena, ndipo akapokea msichana mwenye sauti ya asali. Akasema, "Mzee, kwa usalama wako, naomba unitajie rangi unayoipenda."

Nikasema kijani.

"Samahani mzee, hilo silo jibu tulilonalo hapa."

"Mwanangu, rangi naipenda mimi au mnaipenda ninyi?"

"Ni wewe mzee, lakini uliyoiandika ni nyingine."

"Basi hiyo nyingine niliipenda wakati ule. Mtu habadiliki?"

"Pole sana mzee. Siwezi kukueleza kwa nini kadi imefungwa mpaka nihakikishe kwamba wewe ni wewe."

Halafu, Ndugu Meneja, akaniuliza kama kuna jambo jingine ambalo ningependa anisaidie. Jingine! Lile la kwanza alinisaidia lini?

5. Kuhusu kudhalilishwa kwangu kindoa. Wakati nabishania rangi, mama watoto alikuwa amesogea kwenye mashine ya jirani na kadi yake ya akiba, ya kijivu, iliyochubuka pembeni. Kaipata kwenye kile kibenki cha sokoni ambacho kwa miaka yote nimekiita benki ya vitunguu. Hakuiingiza popote. Aliigusisha tu. Ikalia "ti!" na tiketi mbili zikateremka kama mayai ya kuku. Akaja akaniambia, "Baba watoto, twende. Treni hiyo inaingia."

Hapa naomba unielewe, maana mke wangu hajanielewa mpaka leo. Miguu yangu ilitaka kwenda. Lakini nilikuwa nimeshaliapia lile kabati, kwa sauti yangu ya mnadani, kwamba sibanduki pale mpaka linitambue mimi ni nani. Stesheni nzima ilinisikia. Dalali akiimeza kauli yake, kesho nani atanyanyua mkono? Nikamwambia, "Wewe tangulia, nakuja."

Akanitazama. Nimeishi na macho yale miaka mingi, lakini sikuwahi kuyaona hivyo. Akasema, "Mtoto tunaye mmoja. Mashine zimejaa tele hapa." Akanitilia tiketi yangu kwenye mfuko wa suti, akachukua kisanduku cha vyombo, akapanda. Milango ikajifunga yenyewe, kwani huko hata mlango haungoji mtu amalize kufikiri.

6. Kuhusu hasara. Treni ya pili haikuwa karibu. Nilipofika ofisini kwa msajili, ngazi zilikuwa zimeshafagiwa, na bibi harusi mwingine nisiyemjua alikuwa akipigwa picha mlangoni. Msajili ana ndoa zake za kufunga, hawezi kumsubiri dalali amalizane na chuma. Mahali pangu alitia sahihi mama watoto.

Niliwakuta kwenye mgahawa wa jirani, mhudumu ameanza kupandanisha viti. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba kali kuwahusu ninyi, yenye methali tatu. Binti yangu akainuka na gauni lake, akaja akaninyoosha tai, akasema, "Pole na safari, baba. Umekula?"

Basi. Laiti angenigombeza, Ndugu Meneja. Laiti angenifokea kama mnavyowafokea wadaiwa wenu. Mkwe wangu, ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza, alinisogezea kiti akakipangusa kwa kiganja chake. Nikapewa keki iliyobaki. Niliila yote na sikuisikia ladha yake, na ile hotuba nikaimeza pamoja nayo, na methali zake zote.

Kwa hayo yote, nadai yafuatayo. Mniombe radhi kwa maandishi, yabandikwe mlangoni kwenu, kwenye ule mlango unaofunguka. Kila mteja anayesafiri apewe ofisa wa benki wa kuandamana naye, ambebee mabegi na kulithibitishia kila kabati la chuma kwamba huyu ndiye. Na kwa kuwa ofisa huyo atakuwepo, mashine hazitakuwa na kazi tena. Ziandikieni serikali zote kwamba mashine hizo zing'olewe, nami nitazinadi bila kudai ujira, nikianza na ile niijuayo. Kisha ndoa ya binti yangu irudiwe upya kwa gharama zenu, nawe mwenyewe uwepo, unishikie kofia nikitia sahihi. Mkishindwa haya, ambayo naona ni madogo, ifungeni akaunti yangu nihamie kwenye vitunguu.

Nisalimie makarani wote, hasa yule mama wa dirishani ambaye bado anajua kumtazama mteja usoni. Msalimie mlinzi, mwambie lile kabati alilolinunua mnadani kama halifungi ni kwa sababu ya sakafu ya nyumba yake. Msalimie na mkeo, ambaye natumaini hujawahi kumwambia atangulie.

Ni mimi, ninayengoja majibu bila subira yoyote,
Dalali wa Mnada,
mteja wenu mpaka dakika hii.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mama watoto ameiomba simu yangu awatumie dada zake picha za harusi. Humo amekutana na ujumbe wenu, ulioingia palepale stesheni, akanisomea kwa sauti ambayo sikuipenda: "Je, ni wewe unayejaribu kununua tiketi ya treni? Jibu NDIYO au HAPANA." Naukumbuka sasa. Ninyi wenyewe mlitufundisha tujihadhari na matapeli wa simu, na huyu hata salamu hakutoa. Nilimjibu HAPANA. Halafu, ili tuelewane vizuri, nikaongeza: HAPANA KABISA, NA USINITAFUTE TENA. Naona mlitii. Katika siku ile nzima, ninyi peke yenu ndio mlionisikiliza. Barua naituma hivyohivyo, kwa kuwa stempu nimekwisha kuibandika.